Manukato Ndani ya Maiki

Krrr. Kimya. Krrr-krrr, kama panya anayetafuna gunia. Halafu ukaja mluzi mwembamba uliochoma sikio, na nyuma yake kicheko cha watoto hamsini.

Nilikuwa nje, chini ya dirisha la darasa la tano, funguo za nyumba mkononi. Mama alizisahau mezani asubuhi, nami nikamletea. Sikuhitaji kuchungulia ili nijue kinachoendelea mle ndani. Panya yule ndiye aliyekuwa sauti ya mama yangu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo madaktari walimpasua koo, wakatoa uvimbe, wakamwachia mnong'ono. Mnong'ono tu, kama upepo unaopita chini ya mlango. Mwalimu aliyefundisha miaka ishirini na miwili, ambaye zamani aliita mtoro kutoka barazani na mtoro akasikia akiwa nyuma ya uzio, sasa hakusikika hata dawati la mbele. Shangazi yangu, dada yake baba, ni fundi wa vyombo vya sauti. Akamtafutia maiki isiyo na waya na spika ndogo ya kuweka kwenye kona. Mama ananong'ona, spika inasema. Hivyo ndivyo alivyorudi darasani.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu mkuu alitoka kwanza, mama akamfuata, kitambaa shingoni na maiki mkononi.

"Mwalimu," mwalimu mkuu alisema taratibu, kama mtu aliyebeba yai, "mkaguzi anakuja kesho saa mbili. Ataketi dawati la nyuma kabisa. Asipokusikia, mimi sitakuwa na la kumwambia. Ipo kazi ya stoo ya vitabu. Nayo ni kazi ya heshima."

Mama aliinamisha kichwa. Mwalimu mkuu alipokwenda zake, akanisogelea sikioni.

"Stoo, baba. Nikawafundishe mende kusoma."

"Hutakwenda stoo, mama."

"Maiki hii ina wiki ya tatu sasa inakwaruza. Jumamosi ulipoichukua, ilikuwaje?"

"Ni vumbi la chaki hilo," nilijibu upesi. "Nipe nimpelekee shangazi. Kesho utanguruma."

Uongo ulinitoka mtelezo, hata mimi nikaupenda. Ukweli ulikuwa Jumamosi.

Kila Jumamosi tunakutana vijana wanane kwenye ukumbi mtupu nyuma ya gereji, tunapambana kwa mashairi. Mimi sikufundishwa na mtu. Mizani nilijifunza peke yangu, nikihesabu kwa vidole bafuni huku maji yakinimwagikia kichwani, na sioni aibu kusema kwamba pale ukumbini hapakuwa na wa kunifikia. Mama alipokubali niazime maiki aliniwekea sharti moja: "Wewe tu. Mdomo wako tu." Lakini bingwa atashindaje kwa maiki ilhali wenzake wana makoo matupu? Wangesema imeshinda maiki. Nikawapa wote. Huo ndio ulikuwa ujeuri wangu: nilitaka kuwapiga mchana kweupe, silaha moja mkononi mwa kila mtu.

Na makinywa gani yale! Yupo tunayemwita Karanga, anatafuna tangu anaingia hadi anatoka, na zamu yake ikifika hamezi kwanza. Yupo Mvua, ambaye herufi P ikimtoka, waliokaa mbele hujifuta uso. Yupo mwingine ana jino bovu, na huishika maiki kama anataka kuila. Zamu iliporudi kwangu nilipokea kitu cha moto, chenye unyevu, kinachonuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa ndani ya sufuria. Kwa hiyo nilibeba kichupa cha manukato mfukoni. Pfu, pfu, pfu, mara tatu juu ya wavu wa maiki, nafuta kwa shati, ndipo naghani. Wenzangu wakicheka: "Malenga anampamba bibi harusi!" Niliwaacha wacheke. Nilijiona msafi pekee katika banda la nguruwe.

Duka la shangazi ni chumba kimoja chenye meza ndefu, taa ya kuinamisha shingo, na ukuta mzima wa spika zilizotobolewa matumbo. Nilimkuta amevaa miwani yake mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, malenga wetu. Leo umekuja na beti au na balaa?"

Nilimweleza habari ya mkaguzi. Uso wake ulibadilika. Aliichukua maiki, akaiwasha, akaisikiliza ikikwaruza, akaizima. Kisha akaileta puani, na kichwa chake kikarudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Hii haikuharibika," alisema. "Hii imechafuliwa. Na sheria ya duka hili unaijua. Maiki mbovu natengeneza mimi. Maiki chafu anaisafisha aliyeichafua, mimi nasimama pembeni na kumtukana."

"Lakini ni ya mama, shangazi. Chaki…"

Alizungusha wavu wa juu, ukafunguka. Akaugonga taratibu juu ya karatasi nyeupe. Ganda jekundu la karanga likaanguka.

"Wifi yangu ameanza lini kutafuna karanga akifundisha hesabu?"

Nikavuta kiti.

"Nawa mikono kwanza. Toa betri. Hakuna anayefungua kitu chenye betri ndani, labda mwizi."

Nilifungua sehemu ya betri, nikatamani ningekuwa kipofu. Kwenye chemchemi za chuma palikuwa pameota ukoga wa kijani na mweupe, kama ule unaoota pembeni mwa jeraha lisilooshwa. Betri moja ilikuwa imetoa ute.

"Usiguse kwa kidole, unaunguza ngozi. Vaa glavu. Pamba kijitini, tone moja la siki. Tone, nimesema, si kikombe."

Siki ilipogusa ukoga ule, ukatoa vipovu vidogo. Niliubana mdomo nisitapike. Nilisugua, nikabadilisha pamba, nikasugua tena, hadi chuma kikaonekana. Halafu nikapangusa kwa spiriti, ile safi ya mafundi, shangazi akiwa ameshafungua dirisha na kuzima jiko la chai.

"Sasa sponji."

Ndani ya wavu kuna sponji nyembamba ya kuzuia upepo wa mdomo. Ikiwa mpya huwa nyeusi. Hii ilikuwa na rangi isiyo na jina, kitu kati ya usaha na kahawia. Niliivuta kwa kibano, nayo ikagoma kutoka, ikivutana kama ubani uliotafunwa. Ilipoachia, ilitoa mlio wa busu. Nilipiga mbio hadi kwenye ndoo iliyokuwa kona ya chumba, na chakula changu cha mchana kikaniaga.

Shangazi alinipa maji. Alikuwa akicheka hadi miwani ya kichwani ikamdondokea puani juu ya ile nyingine.

"Hebu nighanie lile lako la kinywa," alisema. "Lile la harusi ya dada yako."

"Shangazi, si sasa."

"Sasa hivi. Wateja wangu wanalipenda."

Nilifuta mdomo, nikaghani, maana kiburi changu hakijui wakati:

*Kinywa changu ni upanga, siutii kwenye ala,*
*Hukata wenye kuringa, na wapendao kulala.*

"Upanga!" Alionyesha sponji kwa kibano. "Na kutu yake hii hapa. Tupa. Nitakata nyingine mpya. Rudi kazini."

Wavu tuliuosha peke yake kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani. Katika matundu yake nilikuta unywele mmoja wa sharubu, mfupi, mnene, umelala kwenye utando wa mate makavu kama nzi kwenye asali. Kila tundu lilikuwa na kizibo chake cha uchafu. Nilisugua tundu kwa tundu, na kwa kila tundu nilimlaani mtu wake. Hili la Karanga. Hili la Mvua. Hili la yule mla maiki. Wote wachafu, wote watu wasio na mama.

Kikabaki kichwa chenyewe, kidude cha mviringo kinachonasa sauti. Juu yake kuna utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Vumbi lilikuwa limetanda pale. Nikajaza mashavu nipulize.

Kofi la shangazi lilinifika mkononi kabla pumzi haijatoka.

"Unaongeza mate mengine? Na upepo wako huo utaupasua!"

"Basi nikitumbukize kwenye spiriti, dakika moja kimekuwa safi. Muda unakwenda, shangazi."

"Kitumbukize, kisha umwambie mama yako akachukue funguo za stoo." Hakuwa akicheka tena. "Utando huu ukilowa au ukitoboka, hakuna sauti, na mimi sina wa kubadilisha. Kiinamishe kitazame chini, kinachobanduka kianguke mezani kisiingie ndani. Brashi kavu, hii ya manyoya laini. Kutoka katikati kwenda pembeni. Usikandamize. Kama unamfuta mtoto usingizini."

Nilifanya hivyo. Mikono yangu, ambayo jukwaani hupasua hewa, sasa ilikwenda taratibu. Vumbi likaanguka chembe kwa chembe. Lakini ukingoni palibaki doa la manjano linalong'aa, na brashi ilipolifikia, manyoya yalinata.

Shangazi aliivuta taa. Akaivua miwani moja, akavaa nyingine.

"Hili si mate," alisema polepole. "Lete ile bodi."

Tulikuwa tumeshaichomoa bodi, kile kibao kidogo cha kijani chenye njia za shaba na vidude vidogo kama punje za mchele. Nilikuwa nimegusa chuma cha meza kwanza, kama alivyoniagiza, ili umeme wa mwilini usiingie humo. Aliishika kingoni, akaigeuza. Karibu na swichi, na pale inapokutana na kichwa, palikuwa na kitu kama uji ulioganda: vumbi, nyuzi za shati, chembe za karanga, mguu wa mdudu, vyote vimezikwa kwenye gundi ya manjano. Alinusa. Akasonya kwa kirefu.

"Manukato."

Nilitazama ukuta.

"Mjinga gani ametia manukato humu? Spiriti yangu hukauka ikaondoka, haiachi kitu. Manukato yana mafuta. Maji yake yanaruka, mafuta yanabaki, na kila kinachopita kinanasa. Mate yangekauka yenyewe, ukapiga brashi, ukamaliza. Karanga zingeanguka. Uchafu wote wa watu wako usingeiua hii maiki. Aliyeiua ni huyu aliyeona kinyaa."

Taa ilikuwa inaniwakia usoni. Niliisikia harufu, sasa kwa kuwa ilikuwa imetajwa: si ile tamu ya kichupani, bali tamu iliyooza, kama maua ya msibani siku ya nne. Ilitoka kwenye bodi. Ilitoka pia kwenye kola ya shati langu.

Shangazi aliinama, akanusa bega langu. Akarudi kwenye taa yake. Afadhali angenitukana.

"Nilikuwa najikinga," nilisema mwishowe. "Wangekuwa wameipangusa kabla ya kunipa…"

"Nani aliwapa?"

Niliivuta bodi karibu yangu.

"Shika brashi hii ngumu kidogo. Chovya ncha kwenye spiriti, piga bodi, futa brashi kwenye kitambaa kabla ya kurudi. Usipofuta, unahamisha tu uchafu. Utando usiufikie hata tone."

Saa nzima nilipiga brashi. Gundi ililainika, ikawa kamasi, ikavutika, ikafuata brashi kwa nyuzi ndefu. Kitambaa cheupe kikawa cha manjano, kikawa cha kahawia. Nilikuwa nimejiandaa kuwachukia watu saba, na sasa kila uzi uliovutika ulikuwa na harufu yangu mimi. Niliichukia harufu ile hadi nikavua shati, nikaendelea kifua wazi. Sikutapika tena. Tumbo halikuwa na kitu, na kinyaa chenyewe kilikuwa kimehama tumboni, kimepanda juu zaidi.

Bodi ilipong'aa, shangazi aliikagua kwa lenzi, akaitikia kwa kichwa. Doa la kwenye utando alinikataza nisiliguse.

"Hilo tunaliacha. Nikilifuata nitatoboa. Maiki itasikika, lakini itakuwa na kilema hicho maisha yake yote. Isipopigwa brashi kila wiki, doa litakusanya vumbi na panya atarudi."

"Tuikaushe kwa ile mashine ya nywele?"

"Uyeyushe utando? Inalala hapa wazi, kivulini, chini ya kitambaa safi. Njoo saa kumi na mbili asubuhi. Na wifi yangu mimi sitamwambia kitu. Nina kazi zangu."

Asubuhi tuliifunga: bodi, kichwa, sponji mpya, wavu, betri mpya. Shangazi aliwasha spika, akanipa maiki. Kwa mazoea niliipeleka mdomoni, nikavuta pumzi ya kunguruma.

"Vidole vinne kutoka mdomoni!" alifoka. "Na nong'ona. Mwenye maiki hapigi kelele. Tujaribu kwa sauti yake, si kwa yako."

Sijawahi kunong'ona mbele ya mtu. Nilijaribu mara mbili, ikatoka sauti ya jukwaani. Mara ya tatu nilisema, "Mama." Spika ikasema mama, polepole, bila panya.

Nilifika shuleni mbio, saa mbili kasoro dakika tano. Mama alikuwa mlangoni, kitambaa kipya shingoni, vidole vikichezea ncha zake. Alipoipokea maiki aliipeleka puani kwanza, akafumba macho. Kisha akayafumbua.

"Leo hainukii."

"Mama, nina neno…"

Mkaguzi akatokea na mwalimu mkuu: mtu mrefu, faili kwapani, viatu vinalia. Wakaingia. Mama akaingia. Mlango ukafungwa, nami nikarudi mahali pangu chini ya dirisha kama mbwa aliyekatazwa nyumba.

Nilisubiri krrr. Nilisubiri hadi kucha zikaingia kiganjani. Kisha ikasikika sauti nyembamba, imefifia ukingoni kidogo kama kitambaa kilichofuliwa sana, lakini kila neno limekaa mahali pake: "Habari za asubuhi, watoto." Watoto hamsini wakajibu kwa kishindo, na hakuna aliyecheka. Alifundisha sehemu za kumi. Aliuliza, akajibiwa. Alimwita mtoto wa dawati la nyuma, mtoto akainuka.

Walipotoka, mkaguzi alikuwa akimwambia mwalimu mkuu, "Kule nyuma nimesikia hadi nukta." Akamgeukia mama. "Mwalimu, endelea na darasa lako. Nani anakutunzia chombo hiki?"

Mama alinyoosha mkono, akanivuta mbele kama tuzo.

"Huyu, mwanangu," alinong'ona kwenye maiki ili mkaguzi asikie. "Tena huwa anaitia manukato. Nikiishika asubuhi inanukia. Walimu wenzangu wananiuliza, nawaambia, mwanangu hataki mama yake anuse dawa za hospitali tu. Siku nyingine hayo ndiyo yaliyonipa nguvu ya kuingia darasani."

Mkaguzi alinipongeza, akanipa mkono. Mkono wangu ulikuwa bado na manjano chini ya kucha. Niliutoa, nikaona haya hata ya mkono. Wakaondoka, viatu vikilia barazani.

"Mbona leo hukutia?" mama aliuliza. Alikuwa ameishusha maiki, nikasoma midomo zaidi ya kusikia.

Beti nilizo nazo kichwani ni zaidi ya mia mbili. Hakuna hata moja iliyonisaidia.

"Mama, sikuyatia kwa ajili yako. Niliwapa wenzangu wote saba maiki yako. Mate yao yakanitia kinyaa, nikapuliza manukato ili mimi nisinuse. Hayo ndiyo yaliyoiharibu. Si chaki. Jana nimeifungua kwa shangazi, nikautoa uchafu wangu mwenyewe, na doa moja limebaki, halitatoka."

Mkono wa mama ulipanda shingoni, ukashika kitambaa. Nilidhani analia. Kisha akainua maiki, akaigeuza, akanipa.

"Humu," alinong'ona. "Wewe unapenda kusikika. Nieleze utafanya nini. Na watoto wasikie."

Kupitia mlango uliokuwa wazi niliona nyuso hamsini zimetulia, zimenigeukia. Ukumbi haujawahi kunipa kimya kama kile. Nilipima vidole vinne kutoka mdomoni, nikasema bila kupaza, na spika ya kwenye kona ikayapeleka maneno hadi dawati la nyuma:

"Mama, kila Jumamosi nitaifungua maiki hii kwa mikono yangu. Nitatoa betri, nitapiga brashi, na uchafu wowote nitakaoukuta nitautazama mpaka uishe. Hakuna manukato, na hakuna mdomo utakaoikaribia ila wako. Nakuahidi mbele ya darasa la tano."